Mifugo ya Fundi Bolti

Wahenga walisema bandubandu huisha gogo. Maana yake ni kwamba jambo kubwa, hata liwe zito kama gogo lililolala njiani, litakwisha likichongwa kidogo kidogo bila kuachwa. Wengi huisema methali hii kwa sauti nzuri huku wakitafuta mtu mwingine wa kushika shoka. Fundi Bolti alikuwa mmoja wao. Kwa mtu aliyezoea kung'oa injini nzima kabla ya chai ya saa nne, mambo ya kidogo kidogo aliyaona ni kazi ya kuku.

Gereji yake ilikuwa mwisho wa mtaa, ikipakana na karakana ya Cheche, mchomeleaji wa mageti. Ilikuwa na banda la mabati, shimo la kukagulia magari, na ukuta uliotundikwa spana kuanzia kubwa hadi ndogo kama familia inayosubiri kupigwa picha. Pembeni, mkewe alishona viti vya magari kwa cherehani iliyopiga kelele kuliko injini zote. Lakini fahari ya fundi ilikuwa ule ua mpana wa mbele. Udongo wake ulikuwa mweusi tititi, umeshikamana, unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kwa miaka ishirini na miwili, kila alipobadilisha oili ya gari, ile chafu aliimwaga uani ili kulaza vumbi. Majirani walikohoa kiangazi kizima. Kwake vumbi lilipigwa marufuku. Kwamba nyasi nazo zilipigwa marufuku, na kwamba kuku akikatisha pale alitoka amevaa soksi nyeusi, Fundi Bolti hakuliona kuwa neno.

Neno lilikuja lenyewe asubuhi ya Jumatatu, limevaa viatu vya mpira. Bibi Afya, mkaguzi wa afya wa mtaa, aliingia na chupa ya maji akaiweka juu ya boneti ya gari. Juu ya maji hayo kulikuwa na utando wenye rangi za upinde wa mvua.

"Zinapendeza," Fundi Bolti alisema.

"Zinapendeza na zinaua," Bibi Afya alijibu. "Maji haya ni ya kisima kilicho nyuma ya ukuta wako. Familia kumi na nne zinachota pale. Nimekifunga tangu jana."

Fundi aliichukua ile chupa, akaigeuza kwenye mwanga.

"Na udongo wako nimeupima. Kila kilo moja ina gramu thelathini na mbili za oili. Nakupa miezi sita. Ukishuka chini ya kumi, endelea na kazi zako. Usiposhuka, gereji hii naifunga."

"Hiyo miezi ya nini, mama? Kesho naleta lori, nauzoa wote nikautupe."

"Ukautupe wapi?"

"Huko."

"Huko nako kuna kisima cha nani?"

Fundi Bolti, ambaye alikuwa na jibu kwa kila gari lililokataa kuwaka, alianza kuhesabu spana zake ukutani.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, familia iliketi kushauriana. Fundi alisema atamwaga zege juu ya ua wote, mambo yaishe. Mkewe akamuuliza kama mtu mwenye jipu huponywa kwa kuvalishwa koti. Hapo ndipo binti yao alipoweka kikombe chini. Alikuwa kitinda mimba, mwenye kazi katika maabara ya kupimia maji, na alikuwa na desturi ya kusubiri wakubwa wachoke kwanza.

"Baba, kuna bakteria wanaokula oili."

"Waletwe basi. Wanauzwa kwa kilo?"

"Wamo humo humo uani. Hawaonekani kwa macho, lakini kiganja kimoja cha udongo kina mamilioni yao. Umewapa chakula miaka ishirini na miwili bila maji, bila hewa, bila mboga. Umewasindilia kwa magurudumu ya malori. Hata wewe ungekula vipi?"

Mama yake alicheka mpaka akashika ubavu. Binti akaendelea, akichora kwa kidole mezani. Oili, alisema, ni minyororo mirefu, vipande vidogo vidogo vya kaboni vilivyoshikana mikono. Bakteria hukata kipande kimoja, halafu kingine, halafu kingine. Wakimaliza, kinachobaki ni maji kidogo na hewa ile ile mtu anayoitoa puani.

"Wewe nilikusomesha ukajue mambo makubwa," fundi alisema kwa huzuni. "Kumbe umekwenda kusomea wadudu wasioonekana."

"Una njia nyingine?"

Hakuwa nayo. Wakakata shauri.

Kazi ilianza siku iliyofuata, na ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Walichimba ua wote, wakatandaza maturubai ya plastiki chini, wakarudisha udongo juu yake na kuupanga matuta manne marefu. Walichanganya samadi ya ng'ombe, maranda kutoka kwa seremala ili hewa ipate pa kupita, na mbolea ya chumvichumvi kwa kipimo. Maji waliyatia hadi udongo, ukifinywa kiganjani, ulishikana bila kutoa hata tone. Kila Jumatano na Jumamosi waliupindua kwa sepeto, juu ukawa chini, chini ukawa juu. Tangu siku hiyo, oili chafu ya magari ilikusanywa ndani ya madumu, na hakuna aliyeruhusiwa kumwaga hata kijiko.

Cheche hakuacha bahati hiyo impite. Alikuja kila asubuhi, miwani yake myeusi juu ya kipaji cha uso, akiegemea ukuta.

"Habari za mifugo, Fundi?"

"Pita njia yako."

"Nauliza tu. Ukianza kukamua, maziwa ya kwanza nikumbuke jirani yako. Na huyu dume yuko tuta gani? Nisije nikapigwa pembe."

Fundi Bolti alipindua udongo kwa hasira hadi sepeto likapiga yowe. Wiki ya kwanza ikapita, udongo ni ule ule. Ya pili ikapita, udongo ni ule ule. Alimwambia mkewe kwamba amepata jina la mji mzima: mwanaume mzima wa miaka hamsini na tisa anachezea samadi.

"Jina ulikuwa nalo," mkewe alisema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Wanasema wewe ndiye uliyewatilia watu oili kisimani."

Fundi alirudi kwenye matuta na sepeto lake.

Asubuhi moja ya wiki ya nne, alipofungua geti, aliona matuta yanatoa mvuke. Alidhani kuna moto. Alikimbia, akachomeka mkono kwenye tuta la kwanza hadi kwenye kiwiko, kisha akasimama vile vile, macho yamemtoka. Ndani kulikuwa na joto. Lilikuwa joto analolijua, la injini iliyotoka safari ya karibu, ambayo bado hujaweza kuiondolea kifuniko bila kitambaa. Akachomeka kwenye la pili. La tatu. La nne. Yote yalikuwa yanawaka kimya kimya.

"Mama watoto," aliita. "Njoo upesi. Njoo uguse."

Mkewe akaja na sindano mdomoni, akagusa, akaitoa sindano.

"Yanapumua," alisema.

"Yanafanya kazi. Hawa watu wanafanya kazi."

Tangu saa ile Fundi Bolti alikuwa mtu mwingine. Alichukua bisibisi ndefu, akaichomeka kwenye tuta na kuweka mpini wake sikioni, kama afanyavyo kusikiliza vyuma vya ndani ya injini. Hakusikia kitu, lakini aliwaambia wateja kwamba amesikia. Aliwasalimia bakteria kila asubuhi kwa heshima ya kuwasalimia wakwe. Mteja akija kulalamika kwamba breki zake zinalia, alikokotwa kwanza hadi kwenye matuta akaguse joto, ndipo gari lake litazamwe. Na binti alipoleta vipimo vya mwisho wa mwezi wa pili, thelathini na mbili imekuwa ishirini na mbili, fundi alikwenda karakana ya Cheche na karatasi mkononi, akasimama mlangoni kama askari aliyeleta barua ya ushindi.

"Gramu kumi katika kila kilo," alisema. "Zimeliwa."

"Na mavi yao wanatupa wapi?" Cheche aliuliza.

"Wanapumua tu. Wana adabu kuliko wewe."

Basi, mtu akipenda sana ndipo anapoharibu. Mwishoni mwa mwezi wa tatu matuta yalianza kupoa. La nne, lililokuwa kivulini mwa ukuta, lilipoa kuliko mengine. Fundi Bolti alichomeka mkono asubuhi, akachomeka mchana, akachomeka jioni. Baridi. Binti alikuwa safarini kwa kazi ya maabara, wiki mbili, na huko aliko simu ilikuwa ya kubahatisha.

Fundi alikaa juu ya tairi akafikiri kama mfugaji. Mifugo ikipoa, ina njaa. Oili imebaki kidogo, watu ni mamilioni, wanagombania makombo. Walikuwa wamefanya kazi bila kudai chochote, na yeye mwenye gereji, aliyekalia madumu yaliyojaa, anawatazama wakifa njaa. Je, huo ni utu? Siku ya Alhamisi, mkewe alipokwenda kununua vitambaa vya viti, Fundi Bolti alibeba madumu matatu ya oili chafu, lita ishirini kila moja, akayamwaga polepole kwenye tuta la nne.

"Kuleni taratibu," aliwaambia. "Msipaliwe."

Binti aliporudi alichota sampuli, na siku mbili baadaye alikuja na majibu akiwa amekunja uso. Tuta la kwanza, kumi na saba. La pili, kumi na saba. La tatu, kumi na sita. La nne, thelathini.

"Oili haizai, baba," alisema. "Kuna mtu ameimwaga."

Fundi Bolti alianza kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Nani anaingia humu tukiwa hatupo?" binti aliuliza, na macho yake yakapanda ukuta hadi upande wa pili, ambako cheche za moto zilikuwa zinaruka. Kabla baba yake hajafungua mdomo, alishatoka. Mama akamfuata na mkasi wake. Fundi akafuata nyuma, miguu mizito kama amevaa jeki.

"Shikamoo, mjomba," binti alisema mlangoni mwa karakana. "Nimekuja kugombana na wewe."

"Marahaba, mama." Cheche alizima moto wake. "Kaa kwanza. Kugombana umesimama kunachosha."

"Umetucheka miezi mitatu, tumevumilia. Lakini kumwaga oili kwenye tuta letu ni ukatili. Zimebaki wiki kumi na mbili. Baba yangu akifungiwa utapata nini?"

Cheche alivua miwani yake myeusi. Alimtazama binti, akamtazama mama na mkasi wake, akamtazama fundi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonewa kweli, na kwa mzaha wake wote alikuwa jirani wa miaka kumi na tisa.

Fundi Bolti alijua kwamba akinyamaza, jambo litapita. Mtaa mzima ungeamini kuwa ni Cheche.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe umefanyaje?" mkewe aliuliza.

"Niliwalisha."



"Uliwalisha nini, baba?"

"Oili. Walikuwa wamepoa. Nikaona njaa itawamaliza."

Cheche alianza kutetemeka mabega. Alijizuia, akashindwa, akaangua kicheko kilichomkalisha chini kati ya mageti yasiyopakwa rangi, akipiga sakafu kwa kiganja. Mama naye alikuwa amejifunika uso na kanga, na haikujulikana analia au anacheka. Binti peke yake hakucheka. Alikaa juu ya kigoda, akashika kichwa.

"Hawakuwa na njaa," alisema taratibu. "Nyama laini wameimaliza, sasa wamefika kwenye mifupa. Hapo wanataka hewa zaidi na maji zaidi. Ulipowamwagia oili uliwaziba pua."

Fundi Bolti alihisi amekuwa mdogo kuliko hao bakteria wenyewe. Alimwomba jirani yake radhi, naye binti akafanya hivyo hivyo. Kisha fundi akasema kwamba yamekwisha. Wiki kumi na mbili haziwezi kuishusha thelathini ifike chini ya kumi. Afadhali aanze kuuza spana zake mapema.

Aliyemjibu ni Cheche, huku akifuta machozi ya kicheko.

"Wanataka hewa?"

"Hewa nyingi," binti alisema.

"Mimi nina mabomba chakavu yamejaa uchochoro wote. Nikiyatoboa matundu kila baada ya shubiri moja, tukayapitisha ndani ya matuta, na huyu mfugaji ana kompresa ya kujazia matairi." Aliinuka, akajipangusa. "Siwezi kukubali wafe. Nitamtania nani?"

Mchana huo huo mtaa ulisikia toboa toboa hadi magharibi. Mabomba yakalazwa ndani ya matuta, kompresa ikafungwa, na hewa ikapita ikipiga mluzi mdogo kama mtu anayepuliza uji. Kila asubuhi ilipulizwa dakika kumi, na jioni dakika kumi. La nne walilipindua kila siku badala ya mara mbili kwa wiki. Waliliongezea samadi, maranda na maji ya kipimo. Fundi Bolti hakumwaga tena kitu chochote bila kuandikiwa. Hata chai yake aliinywa mbali na matuta.

Joto lilirudi siku ya tisa. Fundi aligusa, akakimbia kumwita mkewe, akakimbia kumwita Cheche, akampigia binti simu maabara. Akamwekea simu karibu na tuta.

"Baba, siwezi kusikia joto."

"Basi niamini."

Thelathini ikawa ishirini na sita. Ikawa ishirini na moja. Ikang'ang'ania ishirini na moja wiki mbili nzima, hadi fundi akakonda. Hakutafuta njia ya mkato. Asubuhi sepeto, jioni sepeto. Viganja vyake, vilivyozoea chuma, viliota malengelenge mapya. Ikashuka kumi na saba. Ikashuka kumi na tatu. Kipimo cha mwisho alichochukua binti, wiki mbili kabla ya siku ya hukumu, kilisema kumi na moja na nusu. Matuta mengine matatu yalikuwa yameshalala kwenye sita na saba, yananukia udongo wa mvua.

Siku ya hukumu Bibi Afya alikuja na viatu vyake vya mpira na kopo moja la kioo.

"Maabara wana kazi nyingi, wiki hii wamenipa nafasi ya sampuli moja tu," alisema. "Nionyeshe pa kuchimba, Fundi."

Cheche alikohoa. Alikohoa tena kwa nguvu, kidevu chake kikielekea tuta la kwanza kama mshale. Mama naye akaona ghafla kwamba lazima asimame mbele ya tuta la nne kukunja kitambaa. Fundi Bolti aliwaona wote wawili. Aliona pia geti lake, banda lake, shimo alilolichimba kwa mikono yake akiwa kijana. Tuta la kwanza lilikuwa hatua tatu. La nne lilikuwa hatua ishirini.

Alitembea hatua ishirini.

"Chimba hapa katikati," alisema. "Hapa ndipo nilipoharibu. Wanaochota maji hawatauliza ni tuta gani."

Siku tatu za kusubiri majibu zilikuwa ndefu kuliko miezi sita. Fundi alifunga tairi la mteja kinyumenyume, akalifungua, akalifunga kinyumenyume tena. Siku ya nne, Bibi Afya alipotokea mwisho wa mtaa, kompresa ilizimwa, cherehani ikanyamaza, moto wa Cheche ukafa. Binti alikuwa ameomba ruhusa kazini. Aliushika mkono wa baba yake.

Bibi Afya aliifungua karatasi bila haraka hata kidogo.

"Tuta la nne," alisoma. "Gramu tisa na nukta nne."

Kisha Cheche alimbeba Fundi Bolti juu juu kama gunia la pamba, na mama akapiga vigelegele vilivyowatoa watu madukani. Fundi alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, akimwambia kila aliyefika, hata asiyejua habari yenyewe, "Tisa na nukta nne. Wameila. Kidogo kidogo, wameila."

"Na lile tuta ningelichimba hata kama usingelionyesha," Bibi Afya alimwambia alipotulia. "Binti yako alinitumia nakala za daftari lake kila mwezi. Lita sitini, siku ya Alhamisi. Na maneno uliyowaambia yameandikwa pia: msipaliwe."

Fundi alimgeukia binti yake. "Nani alikuambia hayo maneno?"

"Wewe mwenyewe, baba. Unaota kwa sauti, na mama anasikia."

Bibi Afya alitia sahihi, akampa mkono, akasema kisima kitaendelea kufungwa hadi maji yapimwe mara mbili yawe safi, ila chanzo cha ubaya kimekwisha kuondoka. Watu wakaanza kutawanyika, wakigusa matuta njiani. Fundi Bolti alibaki akiitazama karatasi.

"Hizo tisa zilizobaki?" aliuliza.

"Hawajamaliza," binti alisema. "Wape hewa tu."

Fundi hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alivua shati lake jipya, akachukua sepeto, akaanza upya mwanzo wa tuta la nne, sepeto moja, kisha jingine, kisha jingine. Oili ya miaka ishirini na miwili, ambayo lori na zege visingeiondoa, ilikuwa ikiliwa na viumbe wasioweza hata kuonekana, kwa sababu kila mmoja aliuma kidogo na hakuna aliyeacha. Hakika, bandubandu huisha gogo.